Maporomoko Yasiyo na Sauti

2 Juni

Binamu yangu Karani,

Salamu nyingi, na kabla hujauliza, bado nipo.

Jana mkwe wangu alinipeleka kwa daktari wa moyo, kijana mpole mwenye tabia ya kutazama viatu vyake kila anapokuwa na habari mbaya. Jana alivitazama muda mrefu. Nikamwambia, "Daktari, vimeng'aa vya kutosha, sema tu." Akasema moyo wangu umechoka, hakuna la kufanya ila vidonge na utulivu, na kama nina jambo la kuweka sawa basi niliweke sawa mapema. Mkwe wangu alilia ndani ya gari mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa nawaza kitabu.

Hifadhi wameniandikia. Wanataka kuchapa upya mwongozo wangu wa njia za korongo, safari hii wenye picha za rangi, na wanaomba niandike utangulizi mpya, "maneno ya mtu anayelijua korongo letu kuliko yeyote." Nilipoisoma sentensi hiyo niliinua kikombe cha chai nikanywa, kumbe kilikuwa kitupu.

Sasa sikiliza, maana hili sijawahi kumwambia mtu. Njia ya Kwanza, inayozunguka ukingoni, naijua. Njia ya Pili, ya msituni, naijua hata gizani. Lakini Njia ya Tatu, ile inayoshuka ubavuni mwa korongo mpaka mtoni, sijawahi kuimaliza. Hata kuianza sikuianza vizuri. Nilifika kona ya kwanza, pale njia inapobanwa kati ya mwamba na hewa tupu, nikatazama chini. Nikarudi nikiburura makalio kama mtoto asiyejua kutembea, na langoni nikasema nimesahau miwani. Mwaka uliofuata nilijaribu tena. Nikasahau miwani tena.

Yote niliyoandika juu ya Njia ya Tatu niliyatoa kinywani mwako. Wewe uliyekuwa ukikata tiketi langoni ndiye uliyekuwa ukishuka siku zako za mapumziko, halafu jioni unakuja kunisimulia: daraja la kamba, pango la popo, na kule mwisho maporomoko yasiyo na sauti. Watu wamenisifu kwa ukurasa ule miaka yote hii. Nimezipokea sifa kwa uso mkavu.

Sitaki kufa hivi. Nataka kushuka mara moja tu, nione kwa macho yangu nilichokiandika kwa mkono wangu. Twende wote. Wewe unajua kila jiwe. Utanishika mkono na kuniambia wapi nifumbe macho.

Binamu yako,
Mwalimu


9 Juni

Binamu Mwalimu,

Shikamoo, ingawa baada ya barua ile sijui kama unaistahili. Miaka yote hiyo kwenye harusi na misiba tunakupisha kiti cha mbele kwa sababu ya korongo, kumbe ulikuwa mtaalamu wa kusahau miwani!

Nimecheka. Kisha nikamkumbuka huyo daktari na viatu vyake, nikaacha kucheka. Kisha nikakuwaza unavyoburura makalio kwenye njia ile, nikacheka tena. Binti yangu ametoka jikoni kuniuliza kama naumwa.

Kuhusu kushuka, futa wazo hilo. Kwanza magoti yangu hayataki. Hapa kwa binti yangu nalala chumba cha chini kwa sababu ngazi zimenishinda, sembuse korongo. Pili, nimesikia Njia ya Tatu imefungwa inakarabatiwa, na haijulikani itafunguliwa lini. Tatu, mtu akishaandika kitu vizuri, kukiona kwa macho kutamwongezea nini? Andika huo utangulizi wako, kula mboga, lala mchana. Yaliyo chini tuyaache chini.

Na usiniulize mambo ya maporomoko, maana hata mimi nimeyasahau sahau.

Msalimie mkwe. Mwambie asilie kwenye gari, ataparamia kitu.

Karani


15 Juni

Binamu Karani,

Umenipa sababu tatu, na mtu mwenye sababu tatu huwa hana hata moja. Nimepiga simu hifadhini. Njia iko wazi.

Aliyepokea ni Mhifadhi Mkuu mwenyewe, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku upepo unavuma. Nikamwambia nataka kushuka Njia ya Tatu. Akaniuliza umri, nikamtajia. Akaniuliza afya, nikamtajia. Akasema kwa adabu zote kwamba kwa kanuni zao mtu mwenye moyo kama wangu haruhusiwi hata kupanda ngazi za ofisi yao.

Nikashukuru, nikawa nakata simu. Akasema, "Ngoja kwanza, Mzee. Una uzito gani?"

Binamu, sikia maajabu. Kila mwaka kikosi chao cha uokoaji hufanya zoezi. Wana machela yenye gurudumu moja katikati, na humshusha mtu korongo zima wakampandisha tena, ili siku ya ajali wasibahatishe. Zamani walibeba gunia la mchanga, lakini daktari wa kikosi amelalamika kwamba gunia haliogopi, halisemi "aa, mnanibana," wala halina mapigo ya moyo ya kupima. Mwaka huu wanataka mtu hai, na wakimpata mgonjwa wa kweli ndiyo heri zaidi.

Mimi ni mgonjwa wa kweli! Nilimtumia habari yule daktari wangu wa viatu, nikidhani atakataa. Akanipigia.

"Mzee, hutatembea hata hatua?"

"Hata moja."

"Na daktari atakuwa karibu?"

"Pembeni ya kichwa changu, akinitazama mimi, si viatu."

Akacheka, akakubali. Kwa hiyo nimepata kazi tena uzeeni. Cheo changu ni majeruhi. Mkwe wangu hajaniongelesha tangu jana, lakini nimemwona anapiga pasi shati langu la safari.

Zoezi ni tarehe 20 Julai. Kwa kuwa magoti yako hayataki, basi nisaidie kwa kalamu. Nieleze tena yale maporomoko yasiyo na sauti: nitazame upande gani, jua likiwa wapi. Nisije nikayapita nikiwa nimefumba macho.

Mwalimu (majeruhi)


22 Juni

Binamu,

Barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana, mpaka binti yangu ameficha karatasi.

Mimi sijawahi kushuka.

Sijafika hata kwenye kona yako ya kwanza. Umenizidi. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nafua, nasuka vichwa vya watoto, nalala. Siku nyingine zote nilikaa kwenye lile dirisha la tiketi, dogo mpaka watu wengi nilikuwa nawajua kwa mikono tu. Daraja la kamba na pango la popo ni kweli, nilisikia kwa wageni waliporudi kuomba maji ya kunywa. Lakini maporomoko niliyatunga. Kwenye ramani ya ukutani palichorwa maji yanayoanguka, na mimi pale dirishani sikuwahi kusikia maji yoyote. Basi nikasema hayana sauti.

Usiniulize kwa nini niliendelea. Au niulize, nitajibu.

Unaukumbuka mwaka ule. Wifi yangu, mkeo, tulikuwa tumemzika, na wewe ulilala kitandani umegeukia ukuta. Dada zako walileta chakula, kikarudi kama kilivyokuja. Mimi nilipitia kwako kila nilipofunga dirisha. Sikuwa na la kusema, nikawa nasema lolote: nani kaja na viatu vya harusi, nani karudi na mguu mmoja una matope na mwingine hauna. Ulikuwa hunisikii. Siku niliyosema kule chini kuna maporomoko yasiyo na sauti, uligeuka.

Ukasema, "Haiwezekani."

Ndilo neno la kwanza ulilotamka tangu makaburini. Nikasema, "Inawezekana, nimeyaona." Ukakunja uso, ule uso wako wa kusahihisha madaftari, ukasema, "Basi lazima maji yanageuka ukungu kabla ya kugusa mwamba." Ukaomba penseli. Halafu ukaomba uji.

Ningefanyaje, binamu yangu? Ningekuambia nimeongopa, urudi ukutani? Nikakuletea mengine kesho yake, na keshokutwa. Sikujua utatoa kitabu. Kilipotoka nilikiuza kwa mikono yangu dirishani, na kila nilipompa mgeni nilikuwa namwomba Mungu asirudi kwa hasira. Hakurudi hata mmoja kulalamika, na hilo ndilo limenishangaza maisha yangu yote.

Sasa watu wazima na akili zao watakubeba kwenye machela wakupeleke kutazama uongo wangu. Usiende. Au nenda ukijua.

Unisamehe kama utaweza. Kama huwezi, niandikie hivyo hivyo.

Karani


29 Juni

Karani, Karani, Karani,

Nilicheka mpaka mkwe wangu akaja mbio na vidonge. Nilipomsomea barua yako akakaa kitandani kwangu akacheka na yeye, na sasa ananiongelesha tena, kwa hiyo umeleta faida moja.

Hebu tazama. Kitabu kimeandikwa na mtu asiyefika, kutokana na maneno ya mtu asiyefika, na wameomba utangulizi kutoka kwa mtu anayelijua korongo kuliko yeyote! Na mimi niliyetoa sababu za kisayansi! Ukungu! Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejichapa.

Hakuna cha kukusamehe. Kuhusu mwaka ule nitasema moja tu, kwamba miaka yote nilidhani nilinyanyuka mwenyewe. Sikujua kuna aliyekuwa akinivuta.

Lakini usiku nilipoacha kucheka niliwaza wengine. Wapo watu waliotoka mbali, wakashuka kwa jasho, wakafika chini wakatafuta kitu ambacho hakipo kwa sababu mimi nilikieleza kwa lugha nzuri. Wewe ulimdanganya mgonjwa mmoja ili ale. Mimi niliwadanganya wazima, na nikapokea sifa. Hao siwezi kuwapuuza.

Kwa hiyo nimemwandikia Mhifadhi Mkuu na kumweleza yote, bila kukutaja wewe ila kama "chanzo changu". Nimemwomba aondoe ukurasa ule, na jina langu pia akiona inafaa. Na kwenye zoezi nimejitoa. Siwezi kulala juu ya mabega ya vijana wa watu kama mfalme, nikibebwa kwenda mahali nilipopasemea uongo. Wachukue gunia lao la mchanga. Gunia halijawahi kumdanganya mtu.

Shati nimelirudisha kabatini. Ninasikitika kuliko nilivyotegemea.

Mwalimu


6 Julai

Mzee wangu,

Shikamoo.

Barua yako imefika, na kwa kuwa sekretari wetu ndiye anayefungua barua zote, imesomwa kwa sauti ofisi nzima, wapishi wa kantini wakiwemo. Utatuwia radhi.

Mzee, tunajua. Kila anayeajiriwa hapa anajua ndani ya wiki yake ya kwanza. Maporomoko ya Njia ya Tatu yananguruma. Mkisimama pale wawili mnaongea kwa mikono. Kule juu langoni hayasikiki kwa sababu ya kuta za korongo, kwa hiyo huyo "chanzo" wako simlaumu. Tena mwambie wahudumu wa langoni wanamsalimia. Dirisha lake bado ni dogo vilevile.

Sasa nikueleze wageni wanachofanya. Wanafika kwenye maporomoko, wamelowa, masikio yameziba. Wanatoa kitabu chako. Wanasoma, wanatazamana, halafu mmoja anatikisa kichwa na kuashiria mbele: siyo haya, hatujafika. Njia inaishia pale, pana benchi na kibao kilichoandikwa MWISHO. Wanakipita kibao. Wamekuwa wakikipita tangu kitabu kilipotoka, wakiruka mawe, wakivutana mikono, wakifuata mto kona baada ya kona, mpaka nyayo zao zimechimba njia ambayo hakuna mpimaji aliyeipima. Mtangulizi wangu aliweka uzio. Waliuruka. Nilipopewa ofisi hii, kabla sijaweka uzio mrefu zaidi, nilitaka kwanza kujua wanakwenda wapi.

Nikawafuata. Nilifika. Niliporudi niling'oa uzio, nikafunga kamba za kushikia sehemu zenye utelezi. Siku hizi tunaiita Njia ya Nne, na ndiyo wageni wanayoipenda kuliko zote. Hakuna anayerudi kulalamika kwamba kitabu kimemdanganya, Mzee. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Ya kwenu ndiyo ndefu kuliko zote hifadhini.

Ukurasa hautoki. Utangulizi tunausubiri, na useme haya yote bila aibu.

Ama kuhusu kujiuzulu umajeruhi, ombi limekataliwa. Aliyejitolea kuchukua nafasi yako ni mtunza stoo wetu. Ungemwona ungeelewa kwa nini kikosi kizima kimekuja ofisini kunisihi nikubembeleze.

Mhifadhi Mkuu


13 Julai

Binamu,

Mkwe wako amenisomea barua ya Mhifadhi kwenye simu. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie pale pa kibao.

Basi wanapita! Miaka yote nilikuwa nawaona wanarudi jioni, wamechelewa, wamechanika suruali, wanacheka wenyewe, nikidhani wamepotea. Nilikuwa nawapa maji na pole.

Toa shati kabatini. Nenda. Na ukifika huko, fungua macho yote mawili, kisha uniandikie kila kitu, usifiche hata jani. Kuna nini kule mwisho? Mimi ndiye niliyetunga, nina haki ya kujua. Silali. Binti yangu anasema nimekuwa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Na tafadhali usife huko njiani, utawaharibia zoezi.

Karani


24 Julai

Binamu yangu Karani,

Nipo. Tena mkwe wangu anasema nimenona, ingawa hizo ni mbwembwe zake.

Walinilaza chali, wakanifunga mikanda kifuani, kiunoni na miguuni, wakanivika helmeti. Mkwe wangu alinirekebisha kola kana kwamba napelekwa kwenye picha. Kiongozi wa machela ni dada mmoja mfupi, mabega kama mlango, anatoa amri kwa sauti ya chini na watu wote wanatii. Tukaanza kushuka. Nilifumba macho mapema, nikawa namwomba Mungu, na nilipohisi upepo nikajua tumefika kona yangu.

Yule dada akasema, "Mzee, mbona umefumba?"

Nikasema, "Naogopa kimo."

Akasema, "Sasa wewe umelala chali. Kimo kipo mgongoni kwako. Utakionaje?"

Binamu, nikafumbua. Sikuona shimo lolote. Niliona kuta mbili za mwamba mwekundu zinapanda, na katikati yake mbingu, nyembamba kama mto, inatembea. Maisha yangu yote nililiogopa korongo kwa sababu nililitazama nikiwa nimesimama! Nilianza kucheka. Daktari wa kikosi akanishika mkono, akatangaza mapigo yamepanda. Nikamwambia aandike ni furaha. Akasema hana mahali pa kuandika hiyo. Nikamwambia achore.

Daraja la kamba lipo, linayumba vizuri. Pango lipo, na popo walinitazama na mimi nikawatazama, wote tukiwa tumelala vibaya. Maporomoko yananguruma kweli. Nilimpigia mtu wa mbele kelele kwamba nataka kuyasikia vizuri, hakunisikia, na ndivyo nilivyoyasikia. Nililowa mpaka kola. Halafu tukakipita kibao. Walisimama kwanza, wale watu wa machela, wakanigeuza kidogo ili nikisome, kisha wakanisukuma nikakipita, na mmoja akapiga kigelegele.

Njia ya Nne ni nyayo tupu. Inapanda pasipo sababu, inashuka pasipo sababu, inalizunguka jiwe upande mgumu wakati upande rahisi unaonekana. Inatembea kama watu wanaotafuta. Niliipenda kuliko zote mbili ninazozijua.

Kona ya mwisho ni nyembamba, machela haipiti. Zoezi lilikuwa liishie hapo. Yule dada alimtazama daktari, daktari akanitazama mimi, akanipima tena, akasema, "Polepole." Wakanifungua. Wakanishika huku na huku. Nilitembea, binamu, kwa miguu hii unayoijua, mkono mmoja kwenye mwamba. Nikafika. Nikakaa chini.

Nilikaa muda mrefu bila kutikisika, mpaka nikaanza kusikia minong'ono nyuma yangu.

"Mguse."

"Mguse wewe."

Nikawaambia, "Sijafa. Natazama."

Sasa najua umekisogeza kiti dirishani na umevaa miwani, unasubiri nikuambie nilichokiona. Sikuambii.

Usikasirike. Nimewaza sana. Nikikusimulia, wewe utakiona vizuri mno, utaridhika na kukaa hapo hapo ulipo, maana una kipaji hicho, nami nina kipaji cha kueleza. Tumeshafanya kazi hiyo pamoja mara moja, inatosha. Katika utangulizi nimeandika mambo yote, kibao, uzio, dirisha lako na uji wangu, lakini nikifika kona ile nyembamba nimeweka nukta. Mhifadhi Mkuu amesoma, akasema ndivyo ilivyo.

Badala yake nimekutafutia kazi. Daktari wa kikosi anasema moyo wameshajifunza. Mwakani wanataka magoti. Nimekuandikisha. Walipouliza uzito nimewatajia wa ujana wako, kwa hiyo usinitie aibu, anza kula mboga.

Mimi sidhani nitakuwepo mwakani. Kijana wangu wa viatu hakusema, lakini aliponipima juzi alianza kufunga kamba za kiatu ambazo hazikufunguka. Sina huzuni, na wewe usiwe nayo. Nilikuwa na jambo moja la kuweka sawa, nimeliweka, na nililicheka njia nzima. Wao wanaijua njia. Watakupitisha pale dirishani kwako, watakulaza chali, na utaiona ile mbingu inayotembea. Usifumbe macho, hakuna cha kuogopa.

Na ukifika kwenye kona nyembamba, watakuuliza kama panatosha. Waambie wakufungue mikanda.

Binamu yako anayekupenda,
Mwalimu